Bwana Samaki Anajibu: "Mume wangu ananiambia niende Gombe nikawaone sokwe"

Wasomaji wapya huuliza kwa nini safu ya ndoa inaandikwa na mtu wa samaki. Nimefanya kazi ya afisa uvuvi katika mwambao huu wa Kigoma miaka 31, vijijini wakiniita Bwana Samaki, na jina hilo nimestaafu nalo. Kanisani ni mzee wa kanisa. Nimefunga ndoa mwaka 1986 na mama watoto wangu, na kila jibu mnalosoma hapa yeye hulisoma kwanza. Mengine huyarudisha.

*Shikamoo Bwana Samaki. Mimi ni mama wa watoto wanne, naishi Gungu. Tumefunga ndoa kanisani miaka 12 iliyopita. Mume wangu ni mvuvi wa dagaa. Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa uvuvi mwaka 2024 alikaa nyumbani ile miezi mitatu, ndipo simu yake ikanionyesha kwamba huko kambini kusini ana mwanamke na amempangia chumba. Nilipomuuliza hakukana. Alisema mwanaume ndivyo alivyoumbwa, niende Gombe nikawaone sokwe, dume hana mke mmoja, na aliyemuumba sokwe ni Mungu huyu huyu tunayemwimbia Jumapili. Nilikosa la kusema. Kwenye semina ya wachumba tulifundishwa kuwa viumbe ni walimu wa ndoa, tukapewa mfano wa njiwa. Sasa nimsikilize nani, njiwa au sokwe? – Mama wa Gungu*

Marahaba, mwanangu. Pole sana. Barua yako nimekaa nayo wiki mbili, nikiisoma na kuiweka chini.

Tuanze na sokwe, maana mumeo hakusema uongo. Amesema nusu. Sokwe wa Gombe wanatazamwa tangu Julai 1960, alipofika Jane Goodall, na mpaka leo kuna watu wanaoingia msituni kila siku kuandika nani kazaa, nani kafa, nani kampiga nani. Kwa hiyo maisha yao yanajulikana. Ni kweli dume hana mke. Lakini jike naye hana mume. Siku zake zikifika hukutana na madume wengi, na si rahisi kujua mtoto ni wa dume gani. Mama hubeba mtoto wake peke yake, humnyonyesha miaka minne hata mitano, na dume hamletei hata tunda moja. Juu ya hayo dume humpiga jike, wakati mwingine vibaya.

Basi muulize mumeo, bila kelele, anautaka usokwe wote au kipande kilichomfurahisha? Akiutaka wote, na wewe uko huru kama jike la Gombe, na wale watoto wanne asiwaite wake. Najua atakataa kabla hujamaliza kusema. Na akikataa, amekiri mwenyewe kwamba hakwenda kwa sokwe kutafuta elimu. Alikwenda kutafuta ruhusa.

Watu wa namna hiyo walimjia hata Bwana Yesu. Mafarisayo walipomuuliza habari ya kuwaacha wake zao walikuja na andiko la Musa mkononi, na yeye akawajibu, "lakini tangu mwanzo haikuwa hivi." Akawarudisha Mwanzo, kwenye mtu aliyemwacha baba yake na mama yake akaambatana na mkewe. Hakuwarudisha msituni. Sheria ya ndoa ya Mkristo iko hapo, na hata njiwa wote wa Ujiji wangeachana kesho, isingebadilika herufi moja. Ndiyo maana nao wale walimu wa semina ningewashauri waende taratibu na njiwa. Ukimfundisha bwana harusi kwamba kiumbe ni sheria, siku moja atakuletea kiumbe anachokitaka yeye.

Sasa viumbe ni vya nini? Ayubu alisema waulize wanyama watakufundisha, "nao samaki wa baharini watakutangazia." Mimi samaki nimewauliza maisha yangu yote. Hawajaniambia kama niwe na mke mmoja au wawili. Wameniambia kitu kingine: kulinda kunagharimu nini, na mlinzi mmoja akiondoka kunatokea nini. Huyo aliyenifundisha unamjua, umemla na ugali wa muhogo. Ni kuhe.

Mwaka 1993 nilipangwa kufuatana na watafiti wageni, wakanipa miwani ya maji na bomba la kupumulia. Sehemu yetu ilikuwa upande wa Bangwe, penye kichanga katikati ya mawe, kina kama cha mita nne. Maji ya ziwa letu unayajua, asubuhi kabla ya upepo unaona mchanga chini kama umewekwa kwenye glasi. Pale chini palikuwa na kuhe wawili, dume na jike, wakubwa, wamegeuka rangi ya dhahabu iliyokolea na madoa meusi ubavuni. Walikuwa wamechimba shimo kwenye mchanga, wakataga, wakatotoa. Juu ya shimo watoto walining'inia kama moshi wa jiko asubuhi. Maelfu, kila mmoja si mrefu kuliko punje ya mchele.

Jike alikaa karibu na moshi ule. Dume alizunguka mbali kidogo. Wale samaki wadogo wa mawe wanaowinda watoto hawachoki, huja upande huu ukiwafukuza wanaingia upande ule. Dume akifukuza huku, jike anafunga kule. Dume akirudi, jike anatoka. Nilihesabu mara moja, kabla sijachoka kuelea, nikafika mara 40 na kitu. Nilirudi siku tisa mfululizo, na katika siku zote hizo sikumwona hata mmoja akila. Hilo si jicho langu tu, linajulikana kwa kuhe: wakati wa kulinda wazazi wote wawili wanakaa na njaa. Kuhe ni miongoni mwa samaki wakubwa kabisa wa ukoo wake duniani, ana kinywa cha kumeza dagaa kwa makundi, na anakaa na njaa juu ya watoto. Wataalamu waliomchunguza wanaona kwamba wengi wao huzaa mara hiyo moja tu, nguvu zikaishia hapo.

Siku ya kumi dume hakuwepo. Nilimkuta mwaloni, samaki wanaposhushwa, kwenye beseni la kijana aliyevua kwa ndoana pale mawe ya Bangwe usiku. Nilimtambua kwa mkia, ulikuwa na pengo. Kijana hana kosa, alikuwa anatafuta mboga. Nilirudi majini. Jike alikuwa pale pale. Akienda kulia, walikuja wa kushoto. Alifanya kazi ya wawili na hakupumzika, mwanangu, nataka ulielewe hili, hakuzembea hata kidogo. Kesho yake moshi ule ulikuwa umebaki kama kofia. Keshokutwa hapakuwa na kitu, na bado alikuwa anazunguka shimo.

Nilitoka majini nikakaa juu ya jiwe. Nyumbani kwangu Mwanga kulikuwa na mtoto wa tatu, ana wiki sita. Mimi nilikuwa kazini siku ya kumi na mbili, nalala kituoni, na kutoka Bangwe kufika kwangu ni safari ya kawaida kwa baiskeli. Hakuna aliyenikataza kurudi. Nilikuwa nimejiambia kazi ni nyingi, na mke wangu ni hodari, ataweza. Jioni ile nikaenda. Nilimkuta amekaa barazani, mtoto mchanga mgongoni, yule wa pili mapajani anachemka homa, na sufuria jikoni inaungua, naisikia harufu. Hakugomba. Alinyanyua macho akasema, "Karibu, mgeni."

Nimeambiwa maneno mengi makali katika kazi ile, hata na wenye nyavu haramu waliokuwa na mapanga. Hakuna lililoniingia kama hilo. Nilimchukua yule wa homa tukaenda zahanati, tuliporudi nikamfunga mchanga mgongoni kwangu kwa kanga ya mama yake, nikamwambia alale. Alilala mpaka saa nne asubuhi. Tangu siku hiyo nyumbani kwetu kuna neno "zamu", na watoto wamekua wakilisikia. Zamu yangu ilikuwa usiku.

Kwa hiyo usibishane tena na mumeo juu ya dume alivyoumbwa. Mwambie hivi: kwenye shimo letu niko peke yangu, na watoto wanaliwa. Kisha mwonyeshe. Nani ameacha shule, nani anashinda mwaloni, ada ya nani haijalipwa mwezi ule chumba cha kambini kilipolipwa. Wewe unaanika dagaa kwenye chanja tangu alfajiri, unauza kwa sado, unarudi unapika. Hiyo ni kazi ya yule jike, na nimeshakuambia iliishaje, pamoja na uhodari wake wote.

Wakati wa kusema nao una maana. Giza likiwepo mvuvi hana masikio, anawaza taa na wavu. Ngoja mbalamwezi, siku zile taa hazivuti dagaa na mitumbwi iko nchi kavu. Najua pia ndizo siku ambazo vijana wana fedha mfukoni na hawana kazi, na mengi ya kambini huanzia hapo. Zitumie wewe. Waite wasimamizi wenu wa ndoa, wale wale waliosimama nanyi madhabahuni, na mchungaji kama mumeo anamheshimu. Usimfuate yule mwanamke kambini. Hakukuapia kitu. Aliyeapa ni mumeo.

Kabla ya yote nendeni kituo cha afya mkapime, nyote wawili, na mpaka majibu yatoke una haki ya kulala kitanda chako peke yako. Asikutishe mtu kwa andiko la "msinyimane." Paulo aliandika kwa watu wanaopatana.

Akikubali kosa, chumba kile kifungwe, na ukijue kwamba kimefungwa, usiambiwe tu. Akikataa, usinyamaze ili ionekane nyumba ni nzima. Kanisa lijue, na matunzo ya watoto ofisi ya ustawi wa jamii inayashughulikia, huendi kuomba fadhila. Msamaha wa Kikristo naujua na nimeuishi. Sijawahi kuona mahali umeandikwa kwamba ni kukubali watoto walale njaa.

Uniandikie tena mbalamwezi ikipita.

*Bwana Samaki, mimi ni kijana wa Sikonge, Tabora, nafuga nyuki na baba yangu. Nimepata mchumba, tuna miezi mitatu. Wazazi wa pande zote wanataka ndoa ifungwe haraka kabla ya mavuno ya asali kwisha, maana fedha zipo. Je, miezi mitatu inatosha? Na je, si kweli kwamba nyuki ni mfano bora wa ndoa ya Kikristo?*

La pili kwanza, mwanangu, tulimalize. Nyuki waache kabisa kwenye habari ya ndoa. Malkia hukutana na madume wengi angani, kila dume hufa pale pale, na madume waliobaki mzingani hufukuzwa chakula kikipungua. Mhubiri akitaka kuwasifu nyuki awasifu kwa kazi na kwa utii.

Lakini la kwanza umejijibu kwa kazi yako mwenyewe, hujaona tu. Ukifungua mzinga ukakuta masega yana asali ila hayajazibwa kwa nta, baba yako anakuambia nini? Funika. Ile ni asali na ni tamu, lakini ina maji. Nyuki bado wanaipepea kwa mabawa, na maji yakipungua vya kutosha wao wenyewe wataziba. Ukiivuna sasa, itachacha ndoo kwa ndoo, na mnunuzi ataijua kwa kunusa.

Hakuna anayehesabu siku za sega, huwa mnaangalia kama limezibwa. Na mimi siwezi kukuambia miezi mitatu ni michache au mingi. Umeshamwona amekasirika? Yeye amekuona huna senti? Mmeshabishana jambo la maana, mkarudi kuongea kesho yake? Anajua deni lako? Unajua kwa nini hazungumzi na dada yake? Kama bado, funika. Fedha ya msimu huu iwekeni benki.

*Mzee wangu, shikamoo. Mimi ni mwalimu, niko Kasulu. Watu hutusifu mimi na mke wangu kwamba hatujawahi kugombana, na ni kweli, mwaka wa tisa huu. Tatizo ni kwamba hatuzungumzi. Tunaambiana chumvi imekwisha, ada imelipwa, kesho ni zamu ya jumuiya. Mwaka 2019 mimba yetu ya pili iliharibika ikiwa na miezi sita. Tulizika, tukarudi nyumbani, na hatujawahi kuitaja mpaka leo. Hakuna ugomvi, kuna utulivu. Lakini naona kama nyumba imekufa. Nimekosea wapi?*

Marahaba mwalimu. Na poleni. Miezi sita ni mtoto aliyekwisha kucheza tumboni. Mama yake alikuwa anamjua.

Kwenu ni milimani, lakini naamini umeshuka Kigoma ukaliona ziwa likiwa limetulia asubuhi. Linapendeza. Sasa nikuambie lililo chini yake. Ziwa hili kina chake kinafika mita 1,470, ni la pili duniani. Lakini samaki wote unaowajua, dagaa, migebuka, sangala, kuhe, wanaishi kwenye tabaka la juu tu, mita 100 na ushee, pengine 200. Chini ya hapo hakuna hewa ya oksijeni na hakuna samaki hata mmoja. Sehemu kubwa ya ziwa ni maji yasiyo na samaki.

Na huko chini ndiko kuna rutuba. Kila kinachokufa juu huzama, kinaozea huko, kinakaa. Ziwa likitulia mwaka mzima, rutuba ile haipandi na juu kunakuwa na njaa. Kinachotuokoa ni upepo wa kiangazi, ule unaovuma kutoka kusini kuanzia Mei mpaka Septemba. Unayasukuma maji ya juu, ya chini yanapanda, mimea midogo ya majini inapata chakula, vidudu vinakula mimea ile, dagaa wanakula vidudu. Wavuvi huulalamikia upepo huo kwa sababu unawanyima usingizi, na ndio unaowalisha. Watafiti wameonyesha kwamba ziwa linavyozidi kupata joto juu, maji yanachanganyika kidogo kuliko zamani, na uvuvi unaumia. Sitaki kukuficha, jambo hilo linaninyima raha hata sasa nikiwa nimestaafu.

Nyumba yako imetulia, mwalimu, na yaliyozama mwaka 2019 yako chini na nyinyi wawili mnaogelea juu yake kwa adabu. Hujakosea kwa kuwa mpole. Ulidhani kutolitaja ni kumhurumia mwenzako, na nadhani naye anadhani hivyo hivyo juu yako. Wala sikuambii mtafute ugomvi. Tufani huzamisha mitumbwi, na nimevuta maiti majini. Nasema lipande kidogo kidogo, lile la chini.

Mtoto mlimpa jina? Kama hamkumpa, si kosa kumpa sasa. Kaburi liko wapi, na mara ya mwisho kulipalilia ilikuwa lini? Mwambie mkeo Jumamosi mnaenda pamoja, wawili tu, mchukue jembe. Kulima pamoja kunafungua kinywa kuliko kukaa mmetazamana sebuleni. Mkifika ombeni kwa kifupi, au msiombe, mpalilie tu. Yeye akilia, usimwambie anyamaze, na usimkimbilize kwenye andiko la faraja. Lazaro alipokufa Yesu alijua atamfufua, na bado alilia kwanza.

Hapo ndipo nilipokuwa nimeishia. Mama watoto amesoma, amekaa kimya muda mrefu, kisha akasema nikuongezee: usianze kwa kumuuliza yeye anajisikiaje. Miaka yote hii hajui kama wewe uliumia. Mwambie kwanza siku ile ulilia wapi.